Maktaba ya B. Chilumba

Benjamini Chilumba alikuwa na ugonjwa wa kugonga mihuri. Nasema ugonjwa kwa kuwa sina neno jingine. Mimi ni fundi cherehani, na miaka ile ya hamsini nilipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Bi Zamzam, Mtaa wa Mchikichi, hapa Kariakoo, cherehani yangu ikikaa barazani. Benjamini na mkewe Paskalina walikuwa chumba kilichopakana na changu. Jioni akirudi kutoka bandarini, hata viatu hajavua, utasikia ukutani: ta, ta, ta. Ujue amenunua kitabu.

Kazi yake ilikuwa ukarani wa ghala katika kampuni moja ya kupakua mizigo. Huko kila karatasi hugongwa mhuri, kwa sababu karatasi za mizigo hupeperuka na kuchanganyika, na isiyo na mhuri haina mwenyewe. Mzigo wake utalala ghalani mpaka uoze. Basi bwana huyu akaichukua tabia ya ghalani akaileta chumbani kwake. Alitengenezewa mhuri wa mpira na Natvarlal, yule Mhindi mwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na Posta, nao uliandikwa hivi: MAKTABA YA B. CHILUMBA, MTAA WA MCHIKICHI, DAR ES SALAAM. Wino wake zambarau. Watu wengine wenye vitabu huandika jina ukurasa wa kwanza wakaridhika. Benjamini aligonga kila karatasi ya kila kitabu, pembe ya chini mkono wa kulia, tangu mwanzo hadi mwisho. Kitabu cha sala peke yake ndicho alichoogopa kukigonga.

Vitabu vyenyewe vilijaa makasha matatu ya chai aliyoyasimamisha ukutani yakawa rafu. Kulikuwa na vya hesabu, vya historia, vya kilimo cha nchi ambazo hatatia mguu, na kamusi nene isiyo na jalada. Alivipata mnadani, na kwa Wahindi waliokuwa wakihama nyumba, na kwa mabaharia. Wala hakumwazima mtu. Mimi mwenyewe nilimwomba kimoja chenye picha za suti, akaniambia kwa upole kwamba maktaba yake bado inapangwa. Miaka yote ile inapangwa tu!

Hata mkewe hakuvigusa ila kwa kufuta vumbi. Paskalina alitoka Masasi kama mumewe, lakini mumewe alipopelekwa shule ya misheni yeye alipelekwa shambani. Siku ya posa Benjamini aliahidi kumfundisha kusoma, na kila mwaka akaiahidi upya ahadi ileile. Halikunipendeza jambo hilo, na mpaka leo halinipendezi. Mwanamke yule alikuwa na akili kali kuliko wengi wetu mle ndani. Alikaanga karanga uani, akazifunga katika vikaratasi vya magazeti ya zamani, akaenda kuziuza Mnazi Mmoja na mtoto wao Angelina mgongoni, na kila mnunuzi wake alimjua kwa sura, kwa kazi yake, na kama anapenda za chumvi au zisizo na chumvi.

Sasa, katika vitabu vile kulikuwa na kijitabu kimoja chembamba, jalada lake jekundu. Kiliandikwa Kiswahili lakini kilichapwa nje ya nchi, na Benjamini alikinunua kwa baharia mmoja. Kilisimulia kisa cha wapakuzi wa mizigo katika bandari ya mbali waliogoma, mmoja wao akapelekwa mbele ya jaji. Mwaka wa hamsini na saba serikali ikakipiga marufuku. Tangazo lilibandikwa palepale ghalani: atakayekutwa nacho atafungwa. Benjamini alilisoma mchana, na jioni hiyo sikusikia mhuri. Nilisikia ugomvi.

"Baba Angelina, kitoe," Paskalina alisema. "Kitoe leo."

"Nitakitoa."

"Lini?"

"Nimesema nitakitoa. Kuna namna ya kukitoa."

"Namna gani? Ukifungwa mimi na mtoto tutakula hayo makasha? Nitarudi Masasi nimwambie baba yako kwamba umefungwa kwa sababu ya kitabu ulichokisoma mara moja?"

Baadaye nilimkuta Benjamini uani amekishika kile kijitabu chini ya koti, anatazama moto wa jirani, halafu anatazama mlango wa choo, halafu anarudi nacho ndani. Hakuwa shujaa, msije mkadhani hivyo. Wala hakuwa mtu wa siasa. Karani wa kampuni alikatazwa hata kusimama karibu na mikutano. Tatizo lake ni kwamba tangu azaliwe hajawahi kutoa kitabu. Kitabu kikishagongwa mhuri wake kilikuwa kama kidole chake. Wiki mbili akawa hivyo, kukichomeka nyuma ya kamusi, kukitoa, kukirudisha, naye akikonda mbele ya macho yetu.

Jumamosi moja asubuhi, Benjamini akiwa kazini, Bi Zamzam alirudi kutoka sokoni mbio mbio, kapu kichwani, jambo ambalo sijaliona tena. Alipita hapo barazani bila kunisalimu akaingia hadi uani.

"Mwanangu Paskalina," alisema akihema, "askari wako nyumba ya pembeni. Wanapekua hata mito. Wanachokonoa vyoo kwa fito. Kama mna kitu humo ndani, mimi sitaki kukijua, lakini kiondoke."

Paskalina alinisimulia baadaye yaliyofuata. Karanga zilikuwa zimeiva, bado za moto kwenye sufuria. Aliwaza kukichoma kile kijitabu, lakini rundo la karatasi likiwaka uani kwa mara moja moshi wake unaonekana hadi mtaa wa pili, na askari mwenye pua angekuja kuuliza. Choo ndiyo hivyo, kinachokonolewa. Kukitupa nje hawezi, njia imejaa watu. Ndipo macho yake yalipoangukia sinia, akakumbuka kwamba siku ile hakuwa na magazeti.

Aliingia chumbani akakitoa nyuma ya kamusi. Jalada jekundu akalitia chini ya sufuria, likaungua mara moja. Kisha akachana karatasi moja moja, akazisokota, akajaza karanga, akakunja juu. Mikono yake ilifanya kazi hiyo kila siku, haikuhitaji kichwa. Askari walipopiga hodi kile kijitabu kilikuwa kimesimama kwenye sinia, vifungo vya karanga vilivyopangwa vizuri, vinanukia.

Na ule mhuri? Aliuona. Aliuona miaka yote. Lakini mfikirieni mtu ambaye vitabu vyote alivyovishika maishani ni vya chumbani mwake, na kila karatasi ya kila kimoja ina alama ileile ya zambarau pembeni. Paskalina aliamini vitabu vya dunia huzaliwa nayo, kama vile khanga inavyozaliwa na pindo. Kitabu cha sala hakikuwa nayo, naye alidhani ni kwa sababu ni cha Mungu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alama ile ni jina la mumewe.

Askari walikuwa wawili. Mmoja alivaa sare, akabaki mlangoni. Wa pili alikuwa askari kanzu, mrefu, mtu wa Kilimanjaro, shati jeupe na suruali ya kawaida, lakini viatu vya polisi. Jina lake Elieshi. Alipita kwangu akapindua vitambaa vyangu vyote, akanivurugia suti ya bwana harusi, nikamchukia papo hapo. Kisha akaingia kwa Benjamini.

Alikaa humo muda mrefu. Alitoa kitabu kimoja kimoja kwenye makasha, akakifungua, akakipekua, akakirudisha mahali pake. Paskalina alisimama kizingitini na mtoto mgongoni. Anasema alijikaza asitazame nafasi iliyobaki nyuma ya kamusi.

"Mume wako anaogopa wezi sana," Elieshi alisema, akionyesha ile alama kwa kidole.

Paskalina hakuelewa maana yake. Alitabasamu tu. "Ni mtu wa vitabu, bwana."

"Naona. Mimi kwangu nina kimoja." Akafuta vumbi mikononi, akatoka uani, akachungulia jiko, akachungulia sufuria. Halafu akaliinamia sinia. "Karanga zako zina chumvi?"

"Za huku zina chumvi, bwana. Chukua, karibu."

Akachukua kifungo kimoja. Alipotoka alisimama mbele yangu barazani, akazimimina karanga kiganjani, akawa anatafuna. Ile karatasi akainyoosha. Akaitazama. Akaacha kutafuna. Kisha akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akamfuata mwenzake. Nami, mjinga, nikadhani ni mtu msafi asiyependa kutupa taka barazani pa watu.

Paskalina akajitwika sinia akaenda zake Mnazi Mmoja. Siku ile palikuwa na mkutano wa hadhara, watu wamejaa viwanjani, na karanga zote ziliisha kabla msemaji wa pili hajasimama. Alirudi na sinia tupu, anaimba. Benjamini naye akawa amerudi, Jumamosi wakitoka mapema. Alikuwa amesikia habari za upekuzi njiani, akaja mbio, shati limelowa, akavuta kamusi, akakuta ukuta.

"Wamekichukua!"

"Hawakuchukua kitu," Paskalina alisema. Alikuwa na furaha, masikini. "Nimekitoa mimi. Wewe ulishindwa, mimi nimekitoa. Nimefungia karanga. Saa hizi kimetapakaa Mnazi Mmoja nzima, hakuna atakayejua kilitoka wapi."

Nikasikia kitu kikianguka, na nadhani ni Benjamini aliyekaa chini kwa ghafla.

"Karatasi zote?" aliuliza.

"Zote."

"Mama Angelina. Ile alama. Ile ya zambarau."

"Ina nini?"

"Ni jina langu. Jina langu na mtaa huu. Liko kwenye kila karatasi."

Sitaki kusema sana kuhusu sauti aliyoitoa Paskalina. Ninachoweza kusema ni kwamba haikuwa ya kujitetea. Alipoweza kusema tena alisema neno moja: "Hukuniambia." Mimi upande wangu wa ukuta nilisema amina.

Walitoka mbio wote wawili wakaelekea Mnazi Mmoja, mtoto wakamwachia Bi Zamzam. Nami nikafunga cherehani nikawafuata, maana kazi ingenishinda vilevile. Mkutano ulikuwa haujaisha. Benjamini, karani wa tai, alikuwa anainama kati ya miguu ya watu akiokota karatasi za karanga. Watu walimcheka, wengine wakampisha wakidhani amedondosha pesa. Nyingi alizookota zilikuwa magazeti ya wauzaji wengine. Zake alipata chache, zimekanyagwa, mhuri unang'aa kama ulipigwa asubuhi hiyo. Alizisukuma kifuani ndani ya shati.

Na zilizobaki hazikuwa chini. Hilo ndilo lililomvunja nguvu. Karibu na barabara kulikuwa na makuli wanne wa bandarini wamechuchumaa. Mmoja alikuwa ameinyoosha karatasi gotini akiwasomea wenzake, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alipaza sauti, "Nani ana inayofuata hii? Kuna mtu aliyefungiwa karanga na inayofuata?" Mwanamume mwingine akaja na yake, wakalinganisha namba za kurasa, wakacheka kwamba hazigusani. Benjamini alisimama mita chache kutoka pale. Angesema nini? Angewaambia nirudishieni, jina langu liko hapo? Kulikuwa na askari kila upande wa uwanja. Nilimshika mkono nikamrudisha nyumbani.

Njiani nilimweleza habari ya yule askari kanzu na mfuko wa shati. Ilibidi ajue. Paskalina aliposikia alisimama katikati ya Mtaa wa Mchikichi akafunika mdomo kwa khanga. "Nilimpa kwa mkono wangu," alisema. "Nikamwambia karibu."

Wote tuliona mambo yalipofika. Elieshi alikuwa ameona ule mhuri ndani ya makasha, akauona tena kwenye karanga. Benjamini hakulala chini akalia, alifanya hesabu zake za ukarani. Wakija, alisema, watalinganisha. Wakikuta vitabu vyenye mhuri na mhuri wenyewe, kwisha. Wasipokuta kitabu hata kimoja wala mhuri, atasema ana adui ghalani anayemtengenezea fitina. Basi kila chenye zambarau kiondoke.

Mhuri aliupeleka gatini mwenyewe akautumbukiza majini. Vitabu havikuweza kwenda hivyo, na Bi Zamzam alisema wazi kwamba nyumba yake haitawashwa moto wa makaratasi watu wakaja kusema humo ndani kuna mchawi. Kwa hiyo vikaenda chini ya sufuria ya karanga, pamoja na zile karatasi chache alizookota uwanjani. Kidogo kidogo, mchana kweupe, kutwa nzima kila siku, karatasi chache na kuni mbili kwa kila sufuria, moshi wa kawaida wa mama muuza karanga. Asubuhi kabla ya kwenda kazini Benjamini alichagua vya siku hiyo na kuvichana. Mwanzoni alitoa vya kilimo cha nchi za mbali, haraka, bila kuvitazama. Kisha vya historia. Siku ya kamusi nilimwona ameishika magotini muda mrefu, anaifungua hapa na pale. Aliniambia kupitia dirisha, bila kuniangalia, "Hamis, unajua hii sikuwahi kuifikisha nusu? Niliigonga tu."

Nilitaka kumcheka. Sikuweza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezika.

Juma lile kila hodi ilituua. Muuza mkaa akipiga hodi, Paskalina anadondosha kijiko. Benjamini alikuwa na mfuko mdogo mlangoni wenye shati, sabuni na kitabu cha sala. Kazini alikwenda, lakini alisema kila kiatu alichokisikia ghalani alikihesabu kuwa cha polisi. Wala hawakulaumiana, na hilo liliniogopesha kuliko ugomvi. Walikaa kama wageni wawili waliopewa chumba kimoja, katikati yao makasha matatu ya chai yanayozidi kuwa matupu. Jumamosi iliyofuata kilichomwa cha mwisho.

Jumapili, wakiwa wamerudi kanisani, nilikuwa barazani nikishona mshono wa haraka. Nikaona viatu. Vilikuwa vilevile. Elieshi, peke yake, shati jingine, kofia mkononi.

"Habari za leo, fundi. Nikopeshe mkasi."

Ningekataa vipi? Nikampa. Akanipa mgongo, akakata kitu kidogo, klik, klik, akanirudishia mkasi, akapiga hodi ndani. Mlango wa Benjamini ulikuwa wazi, na sioni haya kusema nilisogeza kigoda changu hadi ukumbini. Kama wangemchukua, mtu alitakiwa kushuhudia.

Benjamini alisimama. Paskalina alimvuta Angelina miguuni pake. Elieshi alitazama ukutani, akaona makasha matupu, akakunja uso.

"Vitabu viko wapi?"

"Vitabu gani?" Benjamini alisema.

"Bwana Chilumba, mimi nilivishika kimoja kimoja."

Elieshi akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile karatasi. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeota manyoya, ina mafuta ya karanga. Akamkabidhi Benjamini. Pembe ya chini mkono wa kulia haikuwepo. Halafu akafungua kiganja cha pili, na ndani yake kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi, cha ukubwa wa stempu, chenye maandishi ya zambarau.

"Hiki ni chako," alisema, akampa Benjamini. "Hiyo karatasi sasa haina mwenyewe. Nimekaa nayo wiki nzima. Nilipaswa kuipeleka ofisini Jumamosi ileile. Nikasema niisome kwanza, nijue ni kitu gani tunachowatafutia watu. Nimeisoma mpaka nimeishika kichwani. Bwana Chilumba, yule mtu anapelekwa mbele ya jaji. Jaji anamuuliza, nani aliyekutuma? Yeye anasimama, anamtazama, na karatasi inaishia hapo. Nimekuja kujua alijibu nini. Nilidhani utakuwa na nakala nyingine, au hata vitabu vingine vya namna ile. Sikuja kwa kazi."

Nilimtazama Paskalina. Alikuwa anamchunguza yule askari kama anavyowachunguza wanunuzi wake, na nadhani ndiye wa kwanza kati yetu aliyemwamini. Akamvutia kigoda.

"Vimechomwa," Benjamini alisema.

"Vipi?"

"Vyote. Jana tumemaliza. Kwa ajili yako."

Elieshi alikaa. Alitazama yale makasha kwa muda, kisha akatazama sakafu. Mtu mzima yule, askari, nilimwona macho yamelowa. "Ningejua ningekuja mapema," alisema.

"Basi msimulie," Paskalina alimwambia mumewe. "Wewe ulikisoma. Alijibu nini?"

Benjamini aliinua ile karatasi karibu na dirisha. Akaisoma kwa sauti tangu juu, polepole, na hapo ndipo Paskalina aliposikia kwa mara ya kwanza yaliyokuwa ndani ya kitu alichokifungia karanga. Alifika mwisho: akasimama, akamtazama jaji, akasema. Tukangoja. Akafungua mdomo, akaufunga, akapangusa paji la uso.

"Halafu?" Paskalina aliuliza.

"Sikumbuki."

"Hukumbuki?"

"Nilikisoma mara moja. Haraka." Akakaa juu ya kasha moja tupu, likalalamika. "Nilikuwa na haraka ya kukigonga. Mama Angelina, sikumbuki alijibu nini."

Nimeona watu wakipoteza mali, nimeona mtu akiibiwa cherehani na mtaji wote. Sijaona fukara kama Benjamini Chilumba saa ile, ameshika karatasi moja isiyo na pembe.

Ni Paskalina aliyesimama. Alifunga khanga yake vizuri, akatoa sinia chini ya kitanda, akalipangusa.

"Tulivyovichoma mimi na wewe vimekwenda," alisema. "Karatasi nilizouza bado zipo. Wale makuli wanne, yule msomaji wao anaitwa Shaibu, huchukua za chumvi. Kuna mwashi wa Ilala. Kuna yule bwana mwenye baiskeli mbovu. Nawajua wote. Kesho nitakwenda na karanga mpya, kila aliyetunza karatasi yake nitamwomba anirudishie, nimpe karanga bure. Zenye jina nitazikata palepale, mkasi Fundi Hamis atanipa. Bila shaka jibu la yule mtu yuko nalo mmoja wao."

"Ni hatari," Elieshi alisema.

"Ziko nje na jina la mume wangu. Hatari ni kukaa."

Paskalina akaweka sinia kitandani, akamgeukia mumewe, akanyoosha kiganja. Sauti yake haikuwa na hasira, lakini Benjamini aliinuka kwenye lile kasha kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake.

"Ila kwanza nipe hicho kipande," alisema. "Nionyeshe jina letu linaanzia wapi."

Wakaketi sakafuni bega kwa bega, Benjamini akaweka kile kipande cha zambarau gotini kwa mkewe, na kwa kidole chake cha wino akaanza na herufi ya kwanza.